Nani atairudisha? Mazungumzo juu ya jetoni za wenye butiki wakati noti ndogo zinapokosekana

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba. Komite iliomba yachapwe humu kwa faida ya wale ambao hawakufika.)

 

Komite imenipa kazi moja leo. Memba wenye butiki wameleta ombi, na nyinyi mtalipigia kura. Wanasema noti ndogo zimepotea sokoni. Mteja anakuja na noti ya 5.000, anataka sabuni ya 700, mwenye butiki hana cha kumrudishia. Sasa wanaomba waruhusiwe kutoa karatasi zao wenyewe, jetoni za 100, 200 na 500, zenye jina la butiki. Mteja anapewa jetoni mahali pa chenji, kisha anarudi nayo siku nyingine. Tena wanaomba umoja wetu uweke mhuri juu ya zile jetoni, ili watu wasiziogope.

Komite iliniambia: wewe mwalimu wa historia, utuambie kama jambo hili limekwisha kufanywa mahali pengine, na lilimalizika namna gani. Nitajibu hilo. Kisha nitasema maoni yangu, na kura ni yenu.

Shida yenyewe

Kule kambini, Lugufu na Nyarugusu, tuliita chenji. Hapa nyumbani wengi wanasema mone. Ni kitu kimoja, na tofauti yake tuliiona siku ile ya kurudi. Tanzania kuna sarafu: shilingi 50, 100, 200. Sarafu inaanguka matopeni, unaiosha, inaendelea na kazi. Huku kwetu hakuna sarafu, kuna karatasi tu. Wazee wanakumbuka likuta na sengi za mwaka wa 1967, zile zilikuwa chuma. Sarafu zilikufa, jina likabaki mdomoni. Paka leo tunasema makuta tukitaka kusema pesa. Noti ya 100 au 200 inapita katika mikono ya muuza samaki, ya mwenye moto, ya mtoto aliyetumwa chumvi, na kwa muda mfupi imekuwa kitambaa. Hakuna anayeitaka tena.

Basi mwenye butiki anafanya nini? Anakupa bonbo mbili. Anakupa kiberiti. Au anakuambia, mama, chukua sabuni mbili basi. Au anasema, utanikumbusha kesho. Mwenye kununua saruji magunia kumi hapati shida hii. Shida ni ya yule anayenunua mafuta ya kipimo na kuuza nyanya kwa fungu. Bonbo mbili kila siku, kwa mwezi ni kilo ya unga. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia humwaga kibaba.

Kwa hiyo wenye butiki hawakosei kutafuta njia. Shida ni ya kweli, nao hawakuileta wao.

Waingereza wa miaka ya 1600

Twende sasa Uingereza, mahali ambapo jambo hili lilifanyika kwa wingi sana, tena zaidi ya mara moja.

Pauni yao ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi peni 12. Kwa hiyo pauni moja ni peni 240. Serikali ilitengeneza sarafu za dhahabu na za feza, ile feza yenyewe, madini meupe. Lakini feza ni ghali. Peni moja ya feza ilikuwa nyembamba na ndogo sawa na ukucha. Robo ya peni isingeshikika hata kwa vidole. Na maskini njo huyo anayenunua kwa robo peni: mshumaa, kipande cha mkate, kikombe cha pombe.

Juu ya nini serikali haikutengeneza sarafu ndogo za shaba? Wakubwa waliona ni aibu kuweka uso wa mfalme juu ya madini ya bei ndogo, tena faida yake iliwafaa kidogo. Mwaka wa 1613 mfalme James I alimpa bwana mmoja mkubwa, Harington, ruhusa ya kutoa robo peni za shaba. Zilikuwa nyepesi mno, na watu walizichukia. Mwaka wa 1644 Bunge lilizisimamisha. Mwaka wa 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles I, na ile ruhusa ya mfalme haikuwa na mwenyewe tena.

Hapo wenye maduka wakaanza. Muuza mishumaa, mwenye hoteli, mwoka mikate, muuza viungo, kila mmoja alikwenda kwa fundi akatengenezewa jetoni zake za shaba au za shaba nyeupe, za robo peni na nusu peni, mwishoni hata za peni nzima. Tangu hapo mpaka mwaka wa 1672, walitoa aina zaidi ya elfu kumi. Kila mji ulikuwa nazo, mpaka vijiji.

Mama zetu, sikilizeni hapa. Jetoni nyingi ziliandikwa jina la mwenye duka na la mji wake, na katikati herufi tatu: moja ya jina la ukoo, moja ya jina la mume, moja ya jina la mke. Kumbe duka lilikuwa la watu wawili, na deni lilikuwa la watu wawili. Wajane waliokuwa na maduka walitoa jetoni kwa majina yao wenyewe. Na kwa sababu wateja wengi hawakujua kusoma, waliweka picha ya kazi: mshumaa, mkate wa sukari, ndege aliyechorwa juu ya mlango wa hoteli. Mtoto asiyejua herufi hata moja alijua jetoni ile airudishe wapi.

Ilifanya kazi namna gani? Jetoni haikwenda mbali. Mwandishi mmoja wa wakati ule, John Evelyn, aliandika kwamba ni kwa nadra ilivuka mtaa mmoja au miwili. Mwenye duka alipokea jetoni za jirani zake, akaziweka katika sanduku lenye vyumba vingi, kila jirani na chumba chake. Chumba kikijaa, anazipeleka kwa mwenyewe, anapewa feza. Basi. Hakuna serikali, hakuna benki. Kulikuwa na mtaa mmoja, na watu wanaojuana.

Mwaka wa 1672 mfalme Charles II alianza kutoa robo peni na nusu peni za shaba za serikali, na kwa tangazo akakataza jetoni za watu binafsi. Zikaisha.

Mara ya pili: wakubwa wa migodi

Miaka mia moja baadaye shida ilirudi. Tangu mwaka wa 1775 serikali iliacha kutengeneza nusu peni. Viwanda vilikuwa vinakua, wafanyakazi ni mamia, na kila Jumamosi wanataka mshahara. Bwana hana sarafu ndogo. Njo ikawa desturi: wafanyakazi kadhaa wanapewa sarafu moja kubwa, wakagawane wenyewe. Wataigawanya wapi? Kwa muuza pombe, yeye ana chenji. Lakini muuza pombe havunji sarafu ya mtu asiyekunywa. Mnaona? Kukosa sarafu ndogo kulimchukua baba kwa mkono, kukamwingiza baa kabla hajafika nyumbani.

Mwaka wa 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kule kisiwa cha Anglesey, ilianza kutengeneza peni zake. Shaba walikuwa nayo, sawa vile ndugu zetu wa Katanga. Peni moja ilikuwa na uzito wa karibu aunsi moja, shaba nzito ya kweli. Na waliandika juu yake kwamba wanaahidi kumlipa mwenye kuileta peni moja, na pembeni wakaandika mahali pa kulipwa: London, Liverpool au Anglesey. Mwaka uleule tajiri wa chuma, John Wilkinson, naye alitoa zake, akaweka uso wake mwenyewe sawa na mfalme. Wengine wakafuata kwa wingi.

Jetoni hizi zilikuwa nzuri kuliko franga za serikali. Lakini ubaya nao uliingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa waongo. Watu walipozoea kupokea jetoni, mafundi wa Birmingham walianza kutengeneza nyepesi, zenye alama sawa na za Anglesey, au zenye jina la duka lisilokuwepo. Nyingine hazikuwa na jina la mtu yeyote wa kuzirudisha. Ukikuta mkononi mwako jetoni isiyo na mwenyewe, umepata kipande cha shaba tu.

Mlango wa pili ni wa mabwana wakubwa. Ukimlipa mfanyakazi kwa jetoni inayopokelewa katika duka lako tu, bei ya duka ni wewe unaipanga. Anakufanyia kazi, anakununulia wewe, na kila mwezi anabaki na deni kwako. Dhuluma hii ilienea migodini na viwandani mpaka mwaka wa 1831, Bunge lilipotoa sheria kwamba mshahara wa wafanyakazi ulipwe kwa sarafu halali za nchi.

Mwaka wa 1797 serikali ilimpa Matthew Boulton wa Birmingham kazi ya kutengeneza peni kubwa kwa mashine za mvuke. Shida ilipungua, ikarudi tena, na jetoni zikatoka tena tangu mwaka wa 1811. Sheria ya mwaka wa 1817 ilizifunga. Lakini ninyi chunguzeni jambo moja katika sheria ile. Birmingham na Sheffield, wasimamizi wa maskini walikuwa wametoa jetoni nyingi, na zilikuwa mikononi mwa watu wa chini kabisa. Zile zilipewa muda zaidi ili zirudishwe polepole. Watunga sheria walielewa kwamba siku unapoifunga jetoni, anayeumia ni yule aliyeishika usiku ule.

Jirani zetu wa Zimbabwe

Msifikiri haya ni mambo ya zamani na ya wazungu tu. Mwaka wa 2009 Zimbabwe iliacha franga yake iliyokwisha kufa, ikaanza kutumia dolari na randi. Noti za dolari zilifika, lakini senti zake hazikufika. Wenye duka walitoa bonbo, kalamu, kiberiti, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono: unatudai senti 30. Karatasi ilipokelewa kwa yule aliyeitoa, mahali pengine ni takataka. Ikikaa mfukoni mpaka nguo ifuliwe, deni limefutwa na maji. Hali hiyo ilikaa zaidi ya miaka mitano, mpaka Desemba 2014, Benki Kuu yao ilipotoa sarafu za senti 1, 5, 10 na 25.

Sasa tuje kwetu

Katika yote hayo, mimi naona fundisho moja. Jetoni si pesa. Jetoni ni deni. Mama aliyepokea jetoni ya 200 amemkopesha mwenye butiki franga 200, bila riba, na bila kuulizwa kama anaweza kukopesha. Butiki ikitoa jetoni mia tano za 200, imekopa franga 100.000 kutoka kwa wateja wake, na inaweza kununulia mzigo. Sisemi ni wizi. Nasema ni mkopo, na katika mkopo kuna swali moja la kuuliza: nani atairudisha?

Kwa muuza mishumaa wa London jibu lilikuwa rahisi. Alikaa mtaa uleule, watoto wake walibatizwa palepale, na mlango wake ulijulikana. Jetoni yake ilikuwa na nguvu kwa sababu miguu yake ilikuwa imetulia.

Na sisi? Tusidanganyane. Sisi ni watu tuliofunga mizigo mwaka wa 1996, wengine tena mwaka wa 1998, na wengine baadaye. Tunajua usiku mmoja unaweza kuhamisha kijiji kizima. Tena wengi wetu tulivuka ziwa na Nouveaux Zaïres zimeshonwa ndani ya nguo. Zilipokuwa zimelala masandukuni, hapa nyumbani ilitoka franga ya Kongo, Juni 1998, na Nouveaux Zaïres 100.000 zilihesabiwa franga moja tu. Wale waliokuwa mbali hawakuweza hata kufika kubadilisha. Kama karatasi ya serikali nzima ilitufia mkononi, karatasi ya butiki moja itatufia haraka zaidi. Mwenye butiki mwaminifu kabisa, siku ya kukimbia atabeba watoto. Hatabaki akilipa jetoni.

Lakini kumbukeni pia kadi ya chakula kule kambini. Ilikuwa karatasi tu. Hata hivyo tuliilinda kuliko nguo, kwa sababu tulijua nyuma yake kuna magunia ya unga ghalani. Karatasi haina ubaya. Tuulize nyuma yake kuna nini.

Maoni yangu kwa mkutano

La kwanza, kabla ya jetoni, tutafute noti ndogo zilipo. Hazikupotea zote. Ziko katika vikapu vya sadaka vya Jumapili, ziko kwa vijana wa moto, ziko kwa mama wa mashine ya kusaga. Hao wanataka noti kubwa, wenye butiki wanataka ndogo. Umoja wetu unaweza kuweka meza moja siku ya Jumatatu, noti kwa noti, bila kukata hata franga moja. Kazi hii haihitaji mhuri, na haimkopeshi mtu. Tuijaribu kwa miezi miwili.

La pili, kama shida itabaki na jetoni zikakubaliwa, ziwe na masharti. Kila mwenye butiki aweke kwanza ndani ya kese ya umoja franga kamili sawa na jetoni anazotoa. Anatoa za 50.000, anaweka 50.000. Hapo akihama, akiugua, akifa, mama anakuja kwenye kese na analipwa. Jetoni iwe na jina la mwenyewe, picha ya kazi yake kwa wasiosoma, namba, na sahihi. Ilipwe kwa franga siku yoyote ya soko, si kwa bidhaa tu. Butiki nyingine za umoja ziipokee, na kila wiki wakutane na sanduku la vyumba, kila mmoja achukue zake na alipe.

La tatu, jetoni isilipe mshahara wa mtu hata siku moja. Si wa kibarua wa shamba, si wa mbeba mizigo, si wa msichana wa kazi. Ni kwa chenji tu. Na mteja anayesema sitaki jetoni, nataka franga yangu, ana haki yake, asitukanwe.

La nne, kuhusu sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2006 inasema Benki Kuu ndiyo yenye kutoa franga ya nchi. Kwa hiyo jetoni isifanane na noti kwa rangi wala kwa picha, iandikwe wazi kwamba ni hati ya deni la duka, na wakubwa wa serikali wa hapa waelezwe mapema kabla hatujachapa hata moja. Tukianza kwa kujificha, tutamaliza kwa kulipa faini.

La tano ni juu ya mhuri. Ndugu zangu wenye butiki, nawaheshimu, ninyi mlirudi mkafungua milango wakati wengine walikuwa bado wanaogopa. Lakini mhuri wa umoja si pambo. Mama akiuona mhuri ule, haoni butiki, anatuona sisi wote. Anaona kese yake ya mazishi, kese yake ya ugonjwa. Kama jetoni haina franga nyuma yake, mhuri wetu usiwe juu yake. Bila kuweka akiba, mtu atoe karatasi yake kwa jina lake peke yake, na wateja watajua ni yake peke yake.

Mwisho, tuweke tarehe ya kufunga tangu siku ya kufungua. Noti ndogo zikirudi sokoni, tutangaze kanisani, msikitini na sokoni, tutoe miezi mitatu mizima ya kurudisha, maana kuna wanamemba wa milimani wanaoteremka mara moja kwa mwezi. Pasiwe na hata mmoja atakayebaki na jetoni mfukoni anaambiwa, mama, ulichelewa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Jetoni ya 100 ni deni dogo, lakini mwenye nalo mkononi mara nyingi hana kingine. Kabla ya kuinua mikono kupiga kura, kila mmoja afikirie karatasi ile ikiwa mkononi mwa mama yake, jioni, butiki imefungwa, na watu wanasema mwenye butiki ameondoka. Kama siku hiyo kese yetu inaweza kumlipa, tuinue mikono. Kama haiwezi, tungoje.

 Maswali yaje.